Habari Hii, Nani Aliifuata?

Februari 2009 Ujerumani ilipata waziri mpya wa uchumi, Karl-Theodor zu Guttenberg, mtu wa ukoo wa kimwinyi mwenye majina yapatayo kumi kabla hujalifikia la ukoo. Uteuzi wake ulipokuwa ukisubiriwa, mtu asiyejulikana alifungua ukurasa wake katika Wikipedia ya Kijerumani akachomeka jina moja zaidi katikati ya orodha: Wilhelm. Gazeti la Bild, lenye wasomaji wengi kuliko yote nchini humo, likachapa majina yote ukurasa wa mbele, Wilhelm likiwemo. Tovuti ya jarida la Der Spiegel ikaandika hivyohivyo, na wengine wakafuata. Wahariri wa Wikipedia walipolitilia shaka jina hilo na kudai ushahidi, ushahidi ukaletwa: makala ya Spiegel.

Jina lilikuwa la kubuni. Aliyelibuni alijieleza baadaye, bila kujitambulisha, kwenye tovuti inayofuatilia makosa ya magazeti ya Ujerumani. Gazeti lilichota kwenye kamusi elezo, kamusi elezo ikaegemea gazeti, na msomaji aliyelikuta jina sehemu mbili akaamini kwamba vyanzo viwili vimekubaliana. Kumbe chanzo kilikuwa kimoja, tena cha uongo.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya msomaji huyo. Wengi wetu siku hizi hatuanzii habari kwenye gazeti. Tunaanzia Google, Wikipedia, programu ya simu inayotukusanyia vichwa vya habari kutoka kila upande, au kundi la WhatsApp ambako mtu ametupia picha ya skrini bila maelezo. Njia hizi zina manufaa makubwa, nami nazitumia kila siku. Ila hakuna hata moja kati yake inayomtuma mtu Mahakama ya Kisutu akasikilize kesi tangu asubuhi, wala inayompandisha mtu basi kwenda kijiji kilichokumbwa na mafuriko. Anayekwenda huko ni mwandishi wa habari. Ndiyo maana mbele ya taarifa yoyote ninakuomba ujizoeze kuuliza swali moja: hii, nani aliifuata?

Kamusi elezo haina mwandishi wa zamu

Wikipedia ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafunguliwa mwaka 2003. Huandikwa na watu wa kujitolea, na kurasa zake nyingi zinaweza kuhaririwa na yeyote mwenye intaneti. Hilo karibu kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni kanuni yake iliyo nzito kuliko zote: mwandishi wa Wikipedia haruhusiwi kuandika anachokijua yeye mwenyewe. Hata kama ulikuwepo kwenye tukio, hata kama wewe ni mtoto wa marehemu anayeandikwa, ushuhuda wako haupokelewi mpaka uwe umechapishwa kwingine, mahali penye wahariri: kitabu, jarida la kitaaluma, gazeti. Kwa mambo ya miaka ya karibuni, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya unachosoma humo ni jasho la waandishi wa habari lililofupishwa, likapangwa, likawekewa namba.

Namba hizo ndipo pa kuanzia. Fungua kwenye simu makala ya mtu yeyote anayezungumzwa sana, tuseme waziri au mwanamuziki. Mwisho wa sentensi nyingi utaona tarakimu ndogo iliyoinuliwa, ndani ya mabano ya mraba. Iguse. Itakuonyesha chanzo: jina la gazeti au kitabu, kichwa cha habari, tarehe, pengine na jina la mwandishi. Usiishie hapo. Bonyeza kiungo uende kwenye habari yenyewe, kisha ulinganishe. Je, gazeti limesema kile ambacho sentensi inadai, au limesema jambo linalokaribiana tu? Gazeti likiandika kwamba fulani "anadaiwa" kuchukua fedha, halafu Wikipedia ikasema "alichukua", neno moja limeanguka njiani na mtu amehukumiwa kabla ya hakimu kukaa kitini. Tazama tarehe pia. Habari ya asubuhi ya tukio na habari ya wiki iliyofuata hutofautiana sana kwenye idadi ya waliokufa, majina ya waliokamatwa na chanzo cha ajali, na kamusi elezo inaweza kuwa bado imeshikilia ile ya asubuhi.

Sentensi isiyo na namba, hasa inayomsifu au kumchafua mtu, ichukulie kuwa haijathibitishwa. Usiibebe kwenda kwenye hotuba, kwenye insha ya mtoto wala kwenye risala ya msiba.

Kuna kitu kingine ambacho wasomaji wengi hawajawahi kukigusa: historia ya ukurasa. Kila badiliko lililowahi kufanywa limehifadhiwa humo pamoja na saa, tarehe na maneno yaliyoongezwa au kuondolewa. Mtu akifariki, akiteuliwa au akikamatwa leo, fungua historia kabla hujaamini chochote. Ukikuta ukurasa umebadilishwa mara nyingi tangu alfajiri, huku wahariri wakifutiana, rudi kesho. Karibu na hapo kuna ukurasa wa majadiliano, wanakobishania kipi kiingie na kipi kitoke. Binafsi nimejifunza mengi zaidi kwenye majadiliano kuliko kwenye makala zenyewe, kwa sababu humo unaona wazi mahali ambapo ushahidi ni mwembamba.

Machi 2009, mwezi mmoja tu baada ya kisa cha Wilhelm, mtunzi wa muziki wa filamu kutoka Ufaransa, Maurice Jarre, alifariki dunia. Mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Dublin, Shane Fitzgerald, aliingia Wikipedia saa chache baadaye akaweka maneno mazuri ya kugusa moyo juu ya muziki na kifo, akadai yalisemwa na marehemu. Alikuwa ameyatunga mwenyewe, ili aone waandishi watafanya nini. Wahariri wa kujitolea waliyaondoa kwa sababu hayakuwa na chanzo. Akayarudisha, wakayaondoa tena. Lakini katika muda mfupi yaliokaa, magazeti ya nchi kadhaa, likiwemo The Guardian la Uingereza, yaliyachukua na kuyaweka kwenye taazia zao. Ikapita takriban mwezi mzima bila mtu kushtuka, hadi kijana mwenyewe alipowaandikia magazeti kuwaeleza. The Guardian lilisahihisha na kuwaeleza wasomaji wake wazi kilichotokea, jambo ninaloliheshimu. Hata hivyo ukweli unabaki kuwa wale wasiolipwa hata senti ndio waliouliza ushahidi uko wapi, na wenye mishahara hawakuuliza.

Usichukue kisa hicho ukahitimisha kwamba Wikipedia hujilinda daima. Mwaka 2005 mwandishi mkongwe wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba kwa takriban miezi minne ukurasa wake ulikuwa ukimhusisha na mauaji ya John na Robert Kennedy, uongo mtupu ulioandikwa na mtu aliyetaka kufanya mzaha. Haukuonekana kwa sababu watu wachache walikuwa wakiupitia. Hapo sisi wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa makini zaidi. Wikipedia ya Kiswahili ina maelfu mengi ya makala, lakini wanaoilinda kila siku ni wachache mno ukilinganisha na ya Kiingereza. Kurasa nyingi zilitafsiriwa, nyingine kwa mashine, na zilipotafsiriwa vyanzo vyake viliachwa nyuma. Ukiweza, fungua lugha mbili kwa wakati mmoja na utafute zinapopishana: mwaka wa kuzaliwa, tahajia ya jina, wilaya. Zinapopishana ndipo penye kazi ya kufanya.

Gazeti lisipofika, ukurasa hauandikwi

Tarehe 2 Oktoba 2018 mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel. Jina lake lilipotangazwa hakuwa na makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Rasimu moja ilikuwa imewasilishwa miezi michache kabla, ikakataliwa kwa sababu haikuonyesha vyanzo huru vya kutosha vilivyoandika kumhusu. Watu waliilaumu Wikipedia, na lawama nyingine zilistahili. Lakini tatizo lilianzia mbali zaidi. Waandishi wa habari walikuwa hawajamwandika, na kamusi elezo isiyoruhusiwa kwenda kumuuliza mtu ilibaki mikono mitupu.

Kwetu pengo hilo ni pana. Magazeti ya Kiswahili yana umri mrefu: Mambo Leo la Tanganyika lilianza 1923, Baraza la Kenya 1939. Ndani ya kurasa hizo kuna walimu, wachezaji, waimbaji, wafanyabiashara na viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliojulikana sana enzi zao. Nakala zimelala kwenye maktaba na nyumba za nyaraka, na kwa mhariri wa Wikipedia aliye Toronto au hata Mwanza, kisichopatikana kwa kubonyeza ni kama hakipo. Mfikirie mwimbaji Siti binti Saad. Tunayajua maisha yake kwa kina kwa sababu Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Waimbaji wengine wa taarabu wa wakati wake, ambao hawakupata mwandishi, wamebaki kuwa majina tu, na wengine hata majina hatuna.

Kumekuwa na juhudi za kupokea masimulizi ya mdomo. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake waliendesha mradi nchini India na Afrika Kusini, wakirekodi wazee na mafundi wakieleza mambo ambayo hayajaandikwa popote, ili sauti hizo zitumike kama chanzo. Jambo hilo halijawa kanuni ya kawaida ya Wikipedia, na sababu za kusitasita zinaeleweka: nani atamhakiki msimulizi? Kwa maoni yangu, jibu linapatikana kwa mwandishi wa habari. Mzee akihojiwa na redio ya jamii, mahojiano yakahaririwa na kuwekwa mtandaoni yakiwa na tarehe na jina la mhojaji, tayari kuna chanzo. Redio zetu zinafanya kazi hiyo kila wiki, kisha zinaiacha ipotee hewani. Kama unafanya kazi redioni na unasoma makala hii, tafadhali pandisha mahojiano hayo mtandaoni na usiyafute.

Kwa msomaji, mambo mawili yanafuata. La kwanza, mtu au jambo kutokuwa na ukurasa hakuthibitishi kwamba halina maana. La pili, tovuti za magazeti hubadilisha anwani na viungo vya zamani hufa. Ukikuta habari muhimu kwa wilaya yako, chama chako cha ushirika au shule yako, ihifadhi. Shirika la Internet Archive la Marekani lina huduma ya bure iitwayo Wayback Machine: unabandika anwani ya ukurasa, linauhifadhi kwa tarehe ya siku hiyo, na linakupa kiungo ambacho kitafunguka hata gazeti likibadilisha tovuti yake yote.

Wanaokusanya vichwa vya habari

Kikusanya habari ni huduma isiyo na mwandishi wake mwenyewe au yenye wachache sana, inayochukua vichwa vya habari na vipande vya maelezo kutoka vyombo vingi na kukuwekea mahali pamoja. Google News ni mfano, ilianza Septemba 2002. Siku hizi simu nyingi huja na huduma ya namna hiyo ndani yake, na baadhi ya vivinjari, kama Opera, vinakuwekea habari ukurasa wa kwanza kabla hata hujatafuta chochote.

Ugomvi juu ya kazi hii ni wa zamani kuliko intaneti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza shirika la International News Service lilinyimwa njia za simu za maandishi za Waingereza, likawa linachukua habari za vita za mshindani wake, Associated Press, kutoka mbao za matangazo na matoleo ya asubuhi ya pwani ya mashariki ya Marekani, kisha linazituma kwa magazeti ya magharibi ambako jua lilikuwa bado halijachomoza. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1918. Majaji walikubali kwamba tukio lenyewe halimilikiwi na mtu, lakini wakasema mshindani hana haki ya kujipatia faida kwa gharama ambazo mwenzake ameingia kulifuata.

Hoja imebaki ileile, ukubwa ndio umebadilika. Hispania ilipotunga sheria ya kuwalazimisha wakusanyaji kulipia vipande vya habari, Google iliifunga Google News nchini humo Desemba 2014, na haikuirudisha hadi Juni 2022. Huko Ujerumani kampuni kubwa ya magazeti, Axel Springer, ilikataa vipande vya habari zake vionyeshwe bila malipo mwaka huohuo wa 2014. Baada ya wiki mbili iliruhusu tena: wasomaji waliokuwa wakitoka kwenye utafutaji wa Google walipungua kwa karibu asilimia 40, na waliokuwa wakitoka Google News kwa karibu asilimia 80. Kwa hiyo ni kweli kwamba mkusanyaji huleta wasomaji. Na ni kweli vilevile kwamba chumba cha habari kinachotegemea mlango mmoja kwa kiasi hicho hakina nguvu mezani. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: Julai 2021 mamlaka yake ya ushindani iliipiga Google faini ya euro milioni 500 kwa kutojadiliana na wachapishaji kwa nia njema.

Kisa cha Kanada ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu kinamhusu msomaji wa kawaida. Bunge lilipitisha sheria Juni 2023 ya kuzitaka kampuni kubwa za mtandao ziwalipe wachapishaji. Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, ikaona bora kuondoa habari zote kwenye majukwaa yake nchini humo kuanzia Agosti. Mwezi huohuo moto wa msituni uliukaribia mji wa Yellowknife kaskazini mwa nchi, wakazi wakaamriwa kuhama. Watu waliozoea kupata na kupeana habari kupitia Facebook walijikuta hawawezi kutuma kiungo cha chombo cha habari kinachoeleza barabara ipi imefungwa. Sitaki kuamua hapa nani alikosea kati ya serikali na kampuni. Ninachokuomba ni hiki: usikubali mlango wako wa habari uwe mmoja. Jua anwani ya tovuti ya gazeti unaloliamini, iandike mwenyewe kwenye kivinjari, na ujue masafa ya redio ya eneo lako. Siku ya dharura hutakuwa na muda wa kuvitafuta.

Unapotumia kikusanya habari, tazama jina dogo lililo chini au juu ya kichwa cha habari. Hilo ndilo la mwenye kazi. Kama jina hulijui, lifungue uone kama tovuti hiyo inataja wahariri wake, ofisi yake na namna ya kuwasiliana nayo. Halafu soma mistari ya kwanza ya habari yenyewe. Ikikuambia "kwa mujibu wa gazeti fulani" au "shirika fulani limeripoti", ujue bado hujafika kwa aliyeifuata. Umefika kwa aliyeisoma. Endelea kubonyeza. Vichwa kumi vinavyofanana kwenye skrini moja vinaweza kuwa ni habari moja ya shirika kama Reuters au AFP iliyochapwa na vyombo kumi. Wingi huo usikutie imani ya ziada, maana shahidi ni mmoja.

Kuna hatari mpya ambayo zamani haikuwepo. Huduma nyingi sasa hazinakili kichwa cha habari. Zinatumia akili mnemba kukifupisha. Desemba 2024 muhtasari uliotengenezwa na simu za Apple, ukiwa na nembo ya BBC, uliwaambia watumiaji kwamba Luigi Mangione, mtuhumiwa wa mauaji ya mkuu wa kampuni ya bima huko New York, amejipiga risasi. BBC haikuwa imeandika hivyo na jambo hilo halikutokea. BBC ililalamika, na Januari 2025 Apple ilisimamisha mihtasari ya habari. Huo ndio ubaya wake: msomaji aliona nembo anayoiamini juu ya maneno ambayo mwenye nembo hakuyasema. Taarifa ya ghafla ikiingia kwenye simu yako, hasa ya kifo, vita au matokeo ya uchaguzi, ifungue mpaka ufike kwenye habari kamili kabla hujaituma kwa mtu mwingine.

Bando na picha ya skrini

Ushauri wa kubonyeza na kufungua unagharimu fedha, na si haki kuutoa bila kulisema hilo. Oktoba 2014 Facebook na kampuni ya Tigo zilileta Tanzania huduma ya kuperuzi tovuti chache bila bando. Kenya ilifuata mwezi uliofuata kupitia Airtel. Taasisi inayoendesha Wikipedia nayo ilikuwa na mpango wake wa kuisoma bure katika nchi nyingi kati ya 2012 na 2018. Watu wengi walinufaika. Lakini fikiria ulivyokuwa mpaka wake: kusoma sentensi ilikuwa bure, na kubonyeza namba ili kuona gazeti lililothibitisha sentensi hiyo kulihitaji bando. Tabia ya kuishia kwenye muhtasari ilijengwa na bei kwa kiasi kikubwa, na wenye bando dogo bado wanaishi nayo.

Ndipo inapoingia picha ya skrini, ambayo ni nyepesi, inasambaa haraka, na haina kiungo. Mtu anachukua nembo ya Mwananchi, BBC Swahili au Taifa Leo, anaandika chini yake analotaka, na kufikia jioni imezunguka makundi yote ya ukoo. Kuikagua hakuhitaji bando kubwa. Tafuta maneno ya kichwa hicho pamoja na jina la chombo. Habari nzito iliyotolewa kweli itakuwa kwenye tovuti au akaunti rasmi ya chombo hicho, na kama ni ya uongo mara nyingi utakuta chombo chenyewe kimeshaigonga muhuri mwekundu wa kukanusha. Isome lugha. Chumba cha habari kina mhariri wa lugha. Anayeghushi hana, kwa hiyo herufi kubwa huja mahali pasipo pake, alama za mshangao hujaa, na jina la cheo cha serikali hukosewa. Tafuta tarehe. Isipokuwepo, shuku. Na kama bado huna uhakika, wapo waliochukua kazi hii kuwa taaluma: PesaCheck na Africa Check kwa ukanda wetu, na Nukta Fakti nchini Tanzania, ambao huchapisha uchunguzi wao kwa Kiswahili.

Ukitaka kunakili

Wenye blogu, kurasa za Instagram na magazeti ya shule huniuliza mara kwa mara wanaruhusiwa kuchukua nini. Kwa kifupi: tukio ni la wote, maneno ni ya aliyeyaandika. Unaweza kueleza kwa maneno yako kwamba daraja limekatika. Huwezi kubeba aya nne za mwandishi aliyekwenda darajani na picha aliyoipiga, kisha ukaweka jina la ukurasa wako. Maandishi ya Wikipedia yana ruhusa pana zaidi: unaweza kuyanakili na hata kuyauza, mradi uwataje waandishi wake kwa kuweka kiungo cha makala, useme kama umeyabadilisha, na utakachokitengeneza kutokana nayo ukitoe kwa masharti yaleyale. Magazeti mengi huyachukua bila kusema. Hilo ni kosa kwa leseni, na ni kosa zaidi kwa msomaji, kwa sababu linamficha mahali pa kwenda kuhakiki.

Pande hizi mbili zinaweza kufanya kazi pamoja vizuri sana. Februari 2011 gazeti la Süddeutsche Zeitung liliripoti kwamba profesa mmoja wa sheria amekuta vifungu vilivyonakiliwa bila kutajwa chanzo katika tasnifu ya udaktari ya Guttenberg, yule waziri wa majina mengi, wakati huo akiwa wa ulinzi. Siku chache zilizofuata watu wa kujitolea walifungua tovuti ya kuhaririwa kwa pamoja, wakaigawana tasnifu ukurasa kwa ukurasa na kuilinganisha na maandishi ya awali. Mwanzo kabisa wa tasnifu ulikuwa umetoka kwenye makala ya gazeti. Magazeti yaliyapokea matokeo, yakayakagua, yakamhoji mhusika. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua shahada, na tarehe 1 Machi alijiuzulu. Gazeti lilikuwa na mlango wa kuingia kwa waziri. Umati ulikuwa na macho ya kutosha kusoma mamia ya kurasa kwa wiki moja.

Ukikuta kosa

Anza na chanzo, usianze na kamusi elezo. Ukibadilisha Wikipedia huku gazeti linalotajwa kwenye namba bado linasema vingine, mhariri mwingine atarudisha maneno ya gazeti, na kwa kanuni zao atakuwa sahihi. Liandikie gazeti: taja tarehe ya toleo, kichwa cha habari, sentensi yenye kosa, na ushahidi wako, kama cheti, hukumu ya mahakama, barua ya ofisi au picha. Andika kwa adabu na kwa ufupi. Wahariri wengi husahihisha wakiletewa karatasi. Wakikataa, Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa 1995, hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya vyombo vya habari na kuwasuluhisha; Kenya kazi hiyo inafanywa na tume ya malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari.

Masahihisho yakishachapwa, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala husika ya Wikipedia, eleza kosa, bandika kiungo cha masahihisho. Kama jambo linakuhusu wewe, ndugu yako au mwajiri wako, usihariri makala yenyewe. Waombe wengine wafanye, na useme wazi uhusiano wako. Vikusanya habari vinaweza kuendelea kuonyesha kichwa cha zamani kwa muda, na picha ya skrini iliyokwisha kusambaa haijisahihishi. Kwa hiyo chukua kiungo cha habari iliyosahihishwa ukitume kwenye kundi lilelile ambako ile ya kwanza ilipita, ukitaja jina la gazeti na tarehe, ili hata asiye na bando ajue ni wapi na lini.